Fundi Redio Anajibu: Panda Juu Kwanza, Wati Baadaye

Karibuni tena kwenye safu yetu. Safari hii sanduku limejaa maswali ya redio koli, kuanzia Kilwa mpaka Newala, na mengi yanauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti: ninunue yenye wati ngapi? Nimechagua machache, majina tumeyaacha, tumeweka mnakotokea tu. Mengine nimeyajibu kwa kirefu maana yana mambo, mengine jibu lake fupi, msinune.

Shikamoo fundi. Tuna boti ya uvuvi huku Msimbati. Redio yetu ya mkononi ilikuwa ya wati 5, tukivuka mwamba kidogo tu tajiri aliyebaki ufukweni hatumpati. Tukaambiwa tununue ya wati 10, tumenunua, naona mabadiliko kiduchu kama yapo. Sasa kuna jamaa anatuuzia busta ya wati 40 tuifunge botini. Tuchukue? (Msimbati)

Marahaba kaka. Hapana, msichukue, hiyo hela shikeni kwanza mnisikilize.

Masafa ya VHF, ndo haya ya redio zenu, yanaenda karibu sawa na jicho linavyoona, yanazidi kidogo tu. We si mtu wa pwani, umeshaona dau likienda nje, kwanza chombo kinapotea, tanga linabaki, baadaye tanga nalo linazama. Halijaenda popote, ni mgongo wa dunia umeingia katikati yenu, na huo mgongo ndo unaokata redio yako. Hesabu yake rahisi: chukua urefu wa antena kutoka usawa wa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1, jibu ni kilomita. Wewe umekaa botini na redio iko kama mita 1 na nusu juu ya maji, hiyo ni kilomita 5. Tajiri kasimama mchangani na yeye 5. Jumlisha, 10. Hapo weka wati 5, weka 10, weka 40, ukivuka hizo kilomita unaanza kubahatisha.

Sasa tajiri afunge antena juu ya mlingoti wa mita 12 pale kambini, yeye peke yake anapata kilomita 14. Nyie botini simamisheni mti, antena ifike mita 4, mnapata 8. Jumla 22, mmetoka 10 mpaka 22 na wati hamjaongeza hata moja. Mlingoti ni bomba tu na kamba za kuvutia, sio mwanzi wa kuokota na sio mnazi, mnazi unayumba na kebo itachoka mapema.

Halafu hiyo ya kutoka wati 5 kwenda 10 mnaona haina kitu kwa sababu kweli haina kitu. Kuzidisha wati mara mbili ni desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu), sikio halishtuki. Ili mshale wa mita kwenye redio ya mwenzako upande alama moja unahitaji mara nne, yaani kutoka 5 kwenda 20. Na busta inakuza mdomo tu, masikio yanabaki yaleyale, matokeo yake tajiri anakusikia vizuri na wewe humsikii, mnaanza kugombana eti hajibu.

Jambo jingine, redio za baharini zinaishia wati 25, hiyo ya 40 iko nje ya utaratibu. Kama mnaingia maji marefu nunueni redio ya baharini hasa, yenye chaneli 16 ambayo ni 156.8 MHz, ndiyo chaneli ya kuitia na ya dharura, meli zinaisikiliza. Hizi redio za nchi kavu mnazofunga kwenye mfuko wa nailoni kuogopa maji, siku chombo kinazama utamwita nani?

La mwisho kwako, na hili ni bure: ukiongea simama, shika redio wima. Nawaona watu wameilaza mdomoni kama wanakula muhindi, antena inaangalia upeo wa bahari. Antena moja ikiwa wima na nyingine imelala mnaweza kupoteza desibeli 20, hapo wati zako 5 zinafanya kazi kama sehemu moja ya mia yake. Hiyo ni hasara kubwa kuliko busta yoyote itakayokurudishia.

Mambo fundi, mimi msimamizi wa walinzi wa maghala ya korosho hapa Mtwara mjini. Tuna redio ya mezani wati 25, mlingoti mrefu, na kebo nyembamba mita 30 kutoka antena mpaka ofisini. Ilipofungwa ilikuwa safi, sasa hivi lindo la Mikindani wanatusikia kwa kukwaruza au hawatusikii kabisa. Kuna fundi kaja kapima SWR akasema 1.3, antena nzima, nibadilishe redio nichukue ya wati 50. Kweli? (Chikongola)

Poa ndugu yangu. Hili swali ndo nililisubiri maana watu wengi wanaliwa hapa.

Hiyo kebo nyembamba bila shaka ni RG-58. Kwenye masafa ya 150 MHz, mita 30 za RG-58 mpya kabisa kutoka dukani zinakula kama desibeli 6. Maana yake ukisukuma wati 25 ofisini, juu kwenye antena zinafika kama 6. Zingine zimegeuka joto njiani. Na sauti ya Mikindani ikishuka inakatwa vilevile, kwa hiyo hamsikiki na hamsikii. Na hiyo ndo ikiwa mpya, yako imeshapigwa na upepo wa chumvi.

Sasa hii SWR ya 1.3 inayowafurahisha. Mita ya SWR inalinganisha nguvu inayokwenda kwenye antena na inayorudi, 1 ndo safi kabisa, ikipanda ujue inayorudi ni nyingi. Kebo mbovu inakula ya kwenda, halafu ile kidogo inayogonga antena na kurudi inaila tena njiani, mita iliyoko chini inaona kinachorudi ni kiduchu inasema mambo safi. Ukiwa na antena mbovu kabisa ya SWR 3 kule juu, robo ya nguvu inarudishwa, lakini ukipimia chini ya hiyo kebo yako utasoma karibu 1.3. Yaani kadiri kebo inavyooza ndivyo SWR inavyopendeza. Fundi wako kapima kwa haki, ila kapimia upande usiofaa.

Fanyeni hivi. Weka redio nguvu ya chini, mtu apande afungue konekta ya juu aiache wazi bila antena, kisha bonyeza mara moja tu kwa sekunde moja ukiangalia mita. Kebo nzuri hapo SWR inatakiwa ipande juu sana, 3 na kuendelea. Ikisoma chini ya 2 wakati antena haipo kabisa, basi hiyo kebo ndo inayomeza kila kitu. Halafu kata kipande cha juu kama sentimita 30, chana ganda lake uangalie nyavu ya shaba ndani. Ikiwa inang'aa, sawa. Ikiwa ya kijani au nyeusi usihangaike kuikata tena kipande kwa kipande, itupe yote, maji yakishaingia kwenye nyavu yanatembea.

Weka RG-213, kwa mita 30 hizohizo inakula chini ya desibeli 3, juu zitafika kama wati 13. Ukiweza LMR-400 ni bora zaidi, inafika 17. Ndiyo bei inauma, lakini linganisha na redio ya wati 50 kwenye kebo ileile: juu ungepata 12, kusikia kungebaki kubovu vilevile, na ungehitaji pawasapulai kubwa zaidi maana redio ya wati 50 ikiongea inavuta ampea 10 na zaidi.

Na hii ya pwani yetu usiisahau. Konekta ya PL-259 haizuii maji, iwe ya bei gani. Ifunge kwanza kwa ule utepe wa mpira unaoshikana wenyewe ukiuvuta, juu yake zungushia tepu ya umeme, ukianzia chini ukipanda juu ili maji ya mvua yateleze yasiingie kwenye mikunjo. Kabla kebo haijaingia dirishani iache ining'inie chini kidogo halafu ipande, maji yadondokee hapo badala ya kuingia redioni. Ukaguzi ufanyike kila mwaka kabla mvua hazijaanza, kwetu huku Novemba umechelewa.

Fundi gari yetu pikapu, antena nimeibana kwenye bampa la nyuma, inasikika upande mmoja tu. (Nanyamba)

Bodi ya gari inaifunika. Ihamishie katikati ya paa, hata ya sumaku inatosha, bati la paa ndo nusu ya pili ya antena. Ukiogopa kutoboa, hiyo sumaku pitisha kebo yake mlangoni taratibu usiibane. Umemaliza.

Habari za kazi fundi. Sisi ni chama cha wasafirishaji wenye magari Masasi na Newala, tunataka kufunga ripita yetu huku Newala juu. Muuzaji katuambia ripita ya wati 100 itafika mpaka Mtwara. Ushauri wako tafadhali, na je tunaweza kutumia redio mbili za kawaida tukaziunganisha? (Newala)

Salama. Nyie mna bahati, Mungu kawapa mnara wa bure, Newala iko zaidi ya mita 600 juu ya bahari, ukingo wenyewe mnaujua, nenda pale Shimo la Mungu uangalie bonde la Ruvuma lilivyolala chini. Masasi kwa mstari wa ndege ni kama kilomita 60, kwa ripita iliyoko ukingoni hiyo kazi nyepesi, isipokuwa gari ikiingia nyuma ya ile milima ya mawe ya Masasi, hapo jiwe ni jiwe.

Hii ya wati 100 nakataa. Ripita kazi yake inasikia kwenye masafa moja na papo hapo inarusha kwenye masafa mengine. Dereva wako kule chini ana wati 25 garini, au 5 mkononi. Ripita ya wati 100 itasikika mbali sana kuliko inavyoweza kusikia, madereva wataona taa inawaka, wanaisikia vizuri, wanabonyeza, kimya. Simu za lawama zote zitakuja kwako katibu. Ripita nzuri inapimwa kwa masikio, wati 25 kwa pale juu zinatosha kabisa, hela inayobaki iende kwenye antena, kebo nene na dubleksa, kile kifaa cha kutenganisha kurusha na kupokea.

Hiyo dubleksa ndo sehemu watu wanayoiruka. Ripita inaongea na kusikiliza wakati mmoja kwa antena moja, bila dubleksa mdomo wake unaziba masikio yake. Redio mbili za kawaida mkiziunganisha na waya zitafanya kazi mezani kwa fundi, mkizipandisha juu zitazibana, labda mtenganishe antena mbali sana na hata hapo ni tabu. Kama mtapewa uchaguzi wa masafa, kwenye UHF, masafa ya juu kuliko VHF, mara nyingi masafa mawili yanaachana MHz 5 na dubleksa yake ni boksi dogo la bei ya kueleweka, kwenye VHF yakikaribiana sana unahitaji mapipa makubwa ya chuma na mtu wa kuyatuni kwa chombo maalumu. Tena ikishatuniwa kwa masafa yenu msiruhusu mtu aguse zile skrubu.

Jambo la tatu ni la kijiografia kabisa. Antena ndefu yenye geini kubwa inabana mawimbi yaende mbali ikitazama upeo, haitazami chini. Mkiifunga ukingoni, gari la mbali linapata, gari lililo bondeni karibu kabisa chini ya miguu yenu halipati, mtashangaa. Kama mna magari mengi yanayopita huko bondeni chukueni antena ya geini ndogo, na iwe ukingoni hasa, mkirudi nyuma hata mita mia kadhaa uwanda wenyewe utawakinga.

Umeme: tuseme ripita inaongea jumla ya saa 4 kwa siku ikivuta ampea 6, hiyo 24, saa 20 zilizobaki inasubiri kwa nusu ampea, hiyo 10. Jumla ampea-saa 34 kwa siku. Betri ya maji usiitumie kupita nusu, na wekeni akiba ya siku mbili za mawingu, mnafika kwenye betri ya 150. Sola wati 200. Mkishusha ripita kutoka wati 25 mpaka 10 matumizi yanapungua sana na pengine hata hamtaona tofauti Masasi, jaribuni. Wekeni na kipima muda kikate mtu akikalia kitufe dakika 3, na toni ya kuifungulia (mlio mdogo ambao redio zenu zinautuma pamoja na sauti), vinginevyo kila kelele itaiamsha na betri itaisha usiku.

Mtwara? Hapana. Ni mbali, na uwanda unashuka taratibu kuelekea pwani ukikinga njiani. Huyo muuzaji mwambie awaoneshe kwanza, ndo mlipe.

Assalaam alaykum. Mwezi wa 5 mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilivyopiga, barabara ilikatika Somanga na tukakaa hatujui ya Lindi wala Songo Songo. Kamati yetu inataka redio za dharura. Tupate Songo Songo na Lindi kwa redio zilezile? (Kilwa Masoko)

Waalaykum salaam mzee wangu. Hapana, hizo ni kazi mbili tofauti.

Songo Songo iko zaidi ya kilomita 40 kutoka Masoko kwa njia ya maji. Rudia ile hesabu niliyompa ndugu wa Msimbati: mkitaka kuongea na boti yenye antena mita 4 iliyoko kule kisiwani, upande wenu antena iwe kama mita 80 juu. Mlingoti huo hamjengi. Lakini mkiweka mita 25 huku na mita 25 kule, kila upande unapata kama kilomita 20, mnakaribia kugusana, na kwa antena za Yagi zinazoangaliana zile za miba miba mtaongea. Zifungeni miba ikiwa wima zote mbili. Kama kuna mnara wa mtu umeshasimama, ombeni nafasi juu yake, ni rahisi kuliko kujenga.

Lindi ni zaidi ya kilomita 100, hapo VHF bila ripita muiache, tumieni HF, hizi redio za mawimbi mafupi. Ujanja wake ni waya, sio mnara. Kwa masafa ya karibu na 5 MHz waya wa jumla kama mita 28 na nusu, umegawanywa katikati panapoingia kebo, ukaufunga chini tu mita 6 au 8 kati ya miti miwili. Watu watakucheka eti umefunga kamba ya kuanikia nguo. Lakini ukiwa chini hivyo mawimbi yanapanda juu moja kwa moja, yanagonga anga la juu na kushuka kama mwavuli kuzunguka eneo lote, kwa hiyo kilima hakisumbui na barabara ikikatika haijalishi. Mchana na usiku anga linabadilika, kwa hiyo ombeni masafa mawili, moja la mchana na la chini zaidi kwa usiku. Na mfanye mazoezi kila wiki kwa saa iliyopangwa, redio ya dharura isiyowashwa mpaka siku ya dharura betri yake inakuwa imekufa.

VHF au UHF kwa askari wa vijiji wanaofukuza tembo porini? (Liwale)

VHF. Majani, hasa yenye maji ya masika, yanakula UHF zaidi. UHF inafaa mjini na ndani ya majengo. Ile antena fupi ya mpira iliyokuja na redio badilisheni muweke ndefu kidogo, na redio isibaki mkandani wakati wa kusikiliza, mwili wa mtu unaziba. Uhakikishe konekta inaingiliana kabla ya kununua, kuna redio zenye pini na zenye tundu, dukani zote zinaitwa SMA.

Fundi naweza kujitengenezea antena ya redio ya mezani? (Nachingwea)

Unaweza, dogo, na ni nzuri kuliko nyingi za dukani. Chukua 71.5 gawa kwa masafa yako kwa MHz, unapata urefu wa mti wa katikati kwa mita. Kwa 150 inatoka sentimita 47 na nusu hivi. Tumia zile fimbo za shaba za kuchomelea. Mti mmoja usimame kwenye pini ya katikati ya konekta ya SO-239, miti minne mingine iwe mirefu zaidi kwa asilimia 5, uifunge kwenye matundu manne ya pembeni na kuikunja ishuke chini nyuzi 45. Huo mteremko una sababu, unaileta antena karibu na omu 50 ambazo redio inazitaka. Kata mrefu kidogo kwanza, pima, punguza nusu sentimita nusu sentimita, shaba ukiikata haikui. Na usibonyeze redio kabla hujafunga antena, utaua transista za mwisho, hizo hazisamehe. Ukiinua mlingoti angalia nyaya za TANESCO, ukianguka upande wowote usizifikie.

Redio zetu mpya zimeanza kushika maongezi ya watu wengine, na juzi kuna mtu katutukana eti tumeingia kwake. Tulizinunua mtandaoni, tukachagua namba tu. (Lindi mjini)

Ana haki ya kukasirika ingawa matusi hayafai. Hizi redio nyingi za Kichina zinakuja zimefunguliwa 136 mpaka 174 na 400 kwenda juu, unaweza ukajikuta kwenye masafa ya polisi, ya bandari au ya kampuni ya ulinzi iliyolipia. Kuweka toni hakukutoi kwa mwenzako, kunakuziba masikio wewe usimsikie, yeye unaendelea kumkanyaga. Nendeni TCRA, muombe leseni na mpangiwe masafa yenu, muwaambie mnataka kufika wapi, redio ngapi na antena iko urefu gani, maana hayo yote wanayauliza. Kabla ya hapo zimeni. Mkishapata karatasi mpelekeeni fundi aziprogramu zote kwa kompyuta, chaneli zenu tu, na afunge kibodi, kwa sababu kuna mlinzi mmoja lazima atabonyeza bonyeza usiku akipata usingizi.